Barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya wa Haut-Katanga: tutajieni bei yote kabla jino halijafunguliwa

Lubumbashi, komini ya Katuba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jimbo. Kwa Mkuu wa Divisheni ya Afya ya Jimbo na waganga wakuu wa zoni za afya za mji. Kwa wakurugenzi wa hospitali za umma. Na kwa ninyi madaktari wa meno mnaosimamia kazi ya wenzenu.

Waheshimiwa, salamu nyingi.

Ninawaandikia juu ya bei ya kuokoa jino katika mji huu. Bei ya kungoa jino tunaijua sote. Muulizeni mama anayeuza makala ya kupikia kando ya barabara, atawatajia bila kufikiri na hatakosea sana. Lakini muulizeni bei ya kulitibu jino lile lile ili libaki kinywani, atasema, "Hiyo ni ya matajiri," au atasema, "Inategemea." Inategemea nini, hakuna aliyemwambia. Basi siku jino linapomtesa anachagua kile ambacho bei yake anaijua, anangoa. Wako watu wa miaka thelathini mtaani kwetu ambao hawana magego ya kutafunia nyama, na sehemu kubwa ya meno hayo yangeweza kupona.

Mimi ni mshonaji wa nguo, na ndiye ninayeshika daftari la likelemba (kuchanga pesa na kupeana kwa zamu) ya akina mama wa mtaa wetu. Mwenzetu akitaka kupewa zamu yake mapema, anakuja kwangu kueleza sababu. Nyingi mnazijua: minervale, yaani ada ya shule ya watoto, kilio, kodi ya nyumba. Meno yamo humo pia, tena kuliko watu wanavyodhani, na yana shida ambayo sababu nyingine hazina. Anayeomba pesa za shule anajua kiasi anachotaka. Anayeomba pesa za jino hajui. Anaomba ya kuanzia, kisha anarudi kuomba ya kuendelea, na mara nyingi ya kumalizia haji kuiomba, kwa sababu anaona haya mbele ya wenzake. Likelemba inaweza kubeba bei kubwa inayojulikana. Isiyojulikana, hata ikiwa ndogo, inatushinda.

Nitawaeleza ya mwenzetu mmoja anayeuza mboga katika soko la Kenya, komini ya mji wetu. Nilimsindikiza, kwa hiyo ninasema nilichokiona.

Gego lake la chini lilianza kwa kushtuka akinywa maji ya baridi. Baadaye likawa linauma lenyewe, usiku hasa, akilala tu damu ikimpanda kichwani maumivu yanaamka. Alinunua antibiotiki ya amoksisilini kwa muuza dawa, vidonge vya kuhesabiwa kwenye kikaratasi, pamoja na dawa za kutuliza maumivu. Likatulia, likarudi. Ndipo jirani akamwelekeza kwenye kabineti moja, yaani kliniki ya meno, ambayo sitaitaja. Nje palikuwa na kibao chenye picha ya jino jeupe, bila jina la daktari. Ndani alitajiwa bei moja, akalipa, jino likafunguliwa, likatiwa dawa, likazibwa kwa saruji laini ya muda. Usiku ule alilala. Tulimshukuru Mungu.

Aliporudi siku aliyopangiwa, yule binti wa mapokezi akamwambia kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, ile ilikuwa ya kufungua tu. Ya leo ni ya kusafisha, na jino lako lina mizizi mingi. Halafu kutakuwa na ya kujaza. Halafu kuroni." Bei ya kusafisha peke yake ilizidi ile ya kwanza mara tatu na zaidi. Mwenzangu akafungua fundo la kitenge, akazipanga noti juu ya meza moja moja, za franga upande huu, ile moja ya dola upande huu. Binti akazitazama, akazisogeza zirudi kwa mwenyewe. "Mama, urudi ukipata." Risiti aliyokuwa amepewa mara ya kwanza ilikuwa nusu ya karatasi ya daftari la shule, ina muhuri na tarakimu moja. Haikusema tarakimu hiyo ni ya nini.

Hakupata. Saruji ya muda ilitoka siku moja akila bukari (ugali), na jino likabaki shimo wazi ambalo alilijaza pamba asubuhi na jioni. Baada ya miezi lilipasuka. Taya likavimba hata mdomo ukawa haufunguki sawasawa, akapelekwa hospitali, na huko mizizi ikatolewa mmoja mmoja kwa kupasua fizi. Amelipa kufungua, amelipa vidonge vya mara ya kwanza na vya mara ya pili, amelipa kupasuliwa, amekosa siku za soko, na jino hana. Jino la pembe si dawa ya pengo, na hata hilo la pembe lina bei ambayo hakuna aliyemtajia.

Waheshimiwa, ninyi mnaijua tiba hii kuliko mimi. Lakini barua hii itasomwa na watu kama mimi pia, na bei haieleweki mpaka kazi ieleweke, kwa hiyo mniruhusu nieleze nilivyoelezwa na daktari wa meno mmoja mwenye subira, ambaye alinichorea jino nyuma ya karatasi ya vipimo vyangu vya kushonea.

Ndani ya jino kuna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu, nacho kinashuka mpaka nchani mwa mizizi kwa njia nyembamba. Jino likitoboka na shimo likafika kwenye kiini, kiini kinavimba mahali ambapo hakina nafasi ya kuvimbia. Hayo ndiyo maumivu ya usiku, yale ambayo chai ya moto au maji baridi yakiyaamsha hayaondoki upesi. Baadaye kiini kinakufa. Maumivu yanaweza kukoma hapo, mtu akasema amepona, kumbe vijidudu vinateremka kwa njia ile ile kutokea nchani mwa mzizi na kuingia kwenye mfupa wa taya. Jipu la jino linatoka huko. Kidonge cha antibiotiki husafiri kwa damu, na katika kiini kilichokufa hakuna damu inayopita. Ndiyo maana chama cha madaktari wa meno cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kilisema mtu mzima mwenye afya ya kawaida anayeumwa kiini cha jino, bila homa wala uvimbe unaosambaa, asipewe antibiotiki, atibiwe jino lenyewe. Sisi tunafanya kinyume kila wiki, kwa sababu bei ya vidonge tunaijua.

Tiba ya mzizi wa jino, ambayo kwenye fakture (ankara) za huku huandikwa kwa Kifaransa dévitalisation, ni kukitoa kiini hicho, kuzisafisha njia zake na kuzifunga ili vijidudu visirudi. Inaanza na picha ya radio, yaani eksirei, ya jino. Inafuata sindano ya ganzi. Kwa anayeifanya vizuri, jino linazungushiwa kitambaa cha mpira ili mate yasiingie. Jino linafunguliwa kwa juu, urefu wa kila njia unapimwa, kisha zinaingizwa tupa nyembamba kama sindano, moja baada ya nyingine, huku njia zikioshwa kwa hipokloriti ya sodiamu, dawa ya ukoo mmoja na javeli tunayofulia lakini iliyotayarishwa kwa kazi hiyo. Zikikauka zinajazwa gutapercha, utomvu wa mti wa Asia, na picha nyingine inapigwa kuona kama zimejaa mpaka mwisho. Halafu jino linazibwa kwa kuziba kwa kudumu. Gego linahitaji mara nyingi na kuroni, ile kofia inayolifunika lote, kwa sababu gego lililotobolewa hivyo likiachwa bila kofia linapasuka kwa urahisi. Kazi yote inaweza kwisha kwa kikao kimoja, au viwili, au vitatu.

Sasa lile neno "inategemea" linapata maana. Jino la mbele kwa kawaida lina njia moja. Gego dogo lina moja au mbili. Gego kubwa lina tatu, na magego ya juu mara nyingi yanaficha ya nne. Kusafisha njia tatu au nne kule nyuma ya mdomo ni kazi ya muda mrefu kuliko kusafisha moja pale mbele, na ni haki bei iwe tofauti. Lakini tazameni jinsi tofauti hiyo ilivyo rahisi kuandikwa: jino la mbele, gego dogo, gego kubwa. Mistari mitatu. Ongezeni wa nne wa picha, wa tano wa kuziba, wa sita wa kuroni. Ukutani inatosha karatasi moja.

Nchini Ufaransa bei ya msingi ya bima ya taifa kwa tiba hii ilikuwa kwa miaka mingi yuro 33.74 kwa jino la mbele, 48.20 kwa gego dogo na 81.94 kwa gego kubwa. Siombi bei za Ufaransa ziletwe Katuba. Ninachowaonyesha ni kwamba bibi wa kijijini huko aliweza kujua, akiwa nyumbani kwake, jino gani lina bei gani, kabla hajamwona daktari. Na kwa kuroni, daktari wa huko ni lazima ampe mgonjwa devi, yaani makadirio yaliyoandikwa, kabla ya kuanza. Devi ni kitu tunachokijua vizuri hapa Lubumbashi. Hakuna anayejenga choo bila devi.

Mimi mteja akileta kitenge chake nimshonee, ninampima, ninamwambia bei ya kushona, ya zipu, ya kitambaa cha ndani, na siku ya kuja kuchukua. Nikikata kitambaa chake kwanza, kisha nikamwambia uzi una bei yake na mikono ya nguo ina bei yake, atanipeleka kwa shefu wa mtaa, na shefu atampa haki. Kitambaa kilichokatwa hakirudi kuwa kizima. Jino pia.

Ombi langu la kwanza, na ndilo kubwa, ni hili: iwe amri katika jimbo kwamba mgonjwa atajiwe bei ya kazi yote, kwa maandishi, kabla mashine haijagusa jino lake. Iandikwe ni jino lipi, lina njia ngapi kwa kadiri picha inavyoonyesha, vikao vingapi, kila sehemu ya kazi kwa bei yake, na jumla chini. Kama daktari anadhani huenda akakuta njia ya nne, aandike bei itakavyokuwa akiikuta. Iandikwe pia kama ni dola au franga, na kwa kiwango gani cha kubadilisha, maana watu wanatajiwa dola na kulipa franga kwa kiwango cha mapokezi, siyo cha barabarani wala cha benki. Na upande wa pili wa karatasi iandikwe bei ya kungoa jino hilo hilo, ili mtu alinganishe na kuchagua akiwa macho.

Akiona jumla na kusema hawezi, basi jino lisifunguliwe kwa ajili ya kupata pesa ya kikao kimoja. Atulizwe maumivu, aambiwe ukweli, apewe muda au angolewe kama ndivyo anavyotaka. Mimi sipingi kungoa. Liko jino ambalo limekwisha, mzizi umepasuka au mfupa umeliwa, na daktari mwaminifu anasema lingolewe. Ninachopinga ni jino kufunguliwa na kuachwa njiani, kwa sababu saruji ya muda haikutengenezwa kukaa miezi, mate yanapenya, vijidudu vinarudi kwenye njia zilizokwisha kufunguliwa, na mgonjwa anaishia pabaya kuliko alipoanzia. Mwenye kabineti amepata pesa yake ya kwanza. Mgonjwa amepata jipu.

Mkitusaidia kwa hilo, sehemu nyingine tutaibeba wenyewe. Tukijua kwamba gego la mwenzetu litagharimu kiasi fulani kwa vikao vitatu, tunaweza kumpangia zamu, tunaweza kumkopesha, tunaweza kumwambia asubiri mwezi mmoja na daktari akaliziba vizuri kwa mwezi huo. Wako madaktari wanaokubali kulipwa kwa awamu. Lakini awamu za jumla isiyojulikana ni mtego.

Ombi la pili ni orodha. Mtu mgeni katika mji huu akiumwa jino leo, atamtafutaje daktari wa meno? Anauliza jirani, anafuata kibao. Kibao chenye picha ya jino anaweza kukipaka mtu yeyote mwenye rangi na koleo. Wapo wanaofanya kazi hii kwa sebule ya nyumba, wapo waliosoma uuguzi na kujifunza kungoa kwa kuona, na wapo madaktari wa kweli waliosoma miaka mingi, wote chini ya picha ile ile. Ninyi mnayo majina ya wenye haki ya kufanya kazi hii, kwa kuwa ndio mnaowapa ruhusa. Yabandikeni kwenye kila kituo cha afya cha Kenya, Katuba, Ruashi, Kisanga, Tshamilemba na kwingineko: jina, anwani, na kama anafanya tiba ya mzizi au anangoa na kuziba tu. Hilo la mwisho lina maana kubwa, maana watu wanapoteza nauli na siku ya kazi kufika mahali ambapo hakuna mashine ya picha wala tupa za mzizi, na aliyekuwa amekuja kuokoa jino anarudi ameliacha kwenye sahani.

Na mnapowakagua hao walio kwenye orodha, tazameni jinsi wanavyoua vijidudu kwenye vyombo. Tupa iliyoingia kwenye damu ya mtu mmoja na kuoshwa kwa maji ya bomba inaweza kumpa mwingine homa ya ini ya aina ya B, au virusi vya UKIMWI. Vyombo vinatakiwa kupita katika otoklavu, kwa mvuke wa nyuzi 121 au 134 chini ya shinikizo, siyo kulowekwa kwenye bakuli. Mgonjwa ana haki ya kuuliza aonyeshwe pakiti ikifunguliwa mbele yake, na ingefaa karatasi ya ukutani imwambie kwamba anaruhusiwa kuuliza. Wengi wetu tunaogopa kumuuliza daktari. Tukiona imeandikwa na Divisheni, tutauliza.

Ninajua upande wa madaktari, na sitaki barua hii isomwe kama vita juu yao. Tupa, gutapercha, dawa za ganzi, vyote vinatoka nje na kununuliwa kwa dola, na vingi vinaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa pamoja na ushuru wake. Umeme ukikatika katikati ya kikao, kiti na kompresa vinazimika, na jenereta inakula mafuta yanayolipwa na mwenye kabineti. Na madaktari wenyewe ni wachache mno: kwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, uwiano wa madaktari wa meno kwa watu katika kanda ya Afrika ni karibu sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Anayefanya kazi yake vizuri katika hali hiyo anastahili kulipwa vizuri. Bei iliyoandikwa itamlinda hata yeye, kwa kuwa mgonjwa ataelewa kwa nini kazi yake ina bei kuliko ya jirani asiyepiga picha na asiyetumia otoklavu. Leo wote wawili wanaonekana sawa, na wa bei ya chini ndiye anayeshinda siku ya kwanza.

Ombi la tatu linawahusu hasa wenye hospitali za umma. Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya mfanyakazi na ya familia yake. Wenye kazi katika kampuni za madini wana mahali pa kuanzia, ingawa wenzetu kadhaa walio wake za wafanyakazi wanasema fomu ya kampuni inakubali kungoa na kukataa kuokoa. Mkiwa na uwezo wa kuwaita waajiri hao, waulizeni. Lakini muuza mboga, fundi wa pikipiki, mchuuzi wa mikate, mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa, hao hawana mwajiri wa kuwalipia. Hospitali ya umma ndiyo ya kwao. Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 47, inasema haki ya afya imehakikishwa, na sheria ya tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 2018 iliweka misingi ya jinsi afya ya umma itakavyopangwa. Jino limo katika mwili unaosemwa humo.

Najua mtasema pesa hazipo. Lakini mwezi wa 9 mwaka 2023 serikali ilianza Kinshasa programu ya kujifungua bure, na watu waliokuwa wanasema haiwezekani wakaona wanawake wanatoka hospitalini bila kuzuiliwa kwa deni. Siombi meno yatibiwe bure. Ninaomba angalau hospitali mbili za umma za mji huu, na kwa ukubwa wake Jason Sendwe inafaa kuwa mojawapo, ziwe na kiti kinachofanya tiba ya mzizi kila siku ya kazi, chenye mashine ndogo ya picha, kwa bei moja iliyobandikwa mlangoni. Hospitali ya umma ikiwa na bei inayojulikana, kabineti za mji zitapata kipimo cha kulinganishwa nacho. Bila kipimo hicho kila mmoja anataja bei kwa kutazama viatu vya mgonjwa. Ninasema hivyo kwa sababu mwenzetu mwingine alikwenda na mkwe wake mwenye gari, kisha akarudi peke yake kwa miguu kuuliza jino lile lile, akatajiwa bei mbili.

Kuna jambo la bei nafuu zaidi kuliko yote niliyoomba, na ni kuziba tundu likiwa bado dogo. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, ilianza njia ya kusafisha tundu la jino kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine na bila umeme, na kuliziba kwa saruji inayoitwa glasi ayonoma, ambayo inashikamana na jino na kutoa floridi. Ilienea duniani. Mwaka 2021 saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, iliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mji ambao umeme wake unakatika, sioni njia inayotufaa kuliko hiyo. Muuguzi aliyefunzwa vizuri na kusimamiwa na daktari wa meno anaweza kuifanya kwenye kituo cha afya, hata darasani kwa watoto. Kila tundu dogo linaloshikwa hivyo ni gego ambalo halitamleta mama yeyote kwenye daftari langu. Ninaliweka mwishoni mwa maombi yangu kwa sababu wanaoumwa usiku huu hawawezi kulisubiri, lakini mkiniuliza pesa ya kwanza iende wapi, nitasema iende huko.

Kwa wasomaji wa mtaani, neno moja ambalo halisubiri waziri: uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukiwa na homa, ukishindwa kumeza au kufungua mdomo, au pumzi ikiwa nzito, usinunue vidonge na usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo. Uvimbe wa jino la chini unaweza kuziba njia ya hewa. Na aspirini usiiweke juu ya fizi, inaiunguza nyama na jino halipati kitu.

Waheshimiwa, karatasi ya bei na orodha ya majina hazihitaji msaada kutoka nje wala bajeti ya mwaka ujao. Zinahitaji barua moja yenye sahihi ya Divisheni, iliyoandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, isomwe na redio za mji asubuhi watu wakienda sokoni, na mkaguzi apite baada ya mwezi kuona kama imebandikwa. Mkitaka kuanza na zoni moja ya afya ili kujaribu, anzeni na Katuba. Akina mama wa likelemba yetu wamekubali kupita kila kabineti ya komini kuangalia kama karatasi iko ukutani na kama bei inayolipwa ndiyo iliyoandikwa, na kuwaletea ninyi taarifa. Tunaomba mtuambie tumpelekee nani.

Kwa heshima,

Mshonaji na mshika daftari wa likelemba, Katuba, Lubumbashi